Jina la Babu na Jina la Ukoo: Asili, Maana na Kuenea kwa Majina ya Mwisho Mkoani Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua asili, maana na kuenea kwa majina ya mwisho yanayotumiwa na Wanyaturu na Waihanzu wa mkoa wa Singida. Inajengwa hoja kwamba jina ambalo fomu nyingi huliita "jina la ukoo" ni, kwa kawaida, jina binafsi la mzee mmoja wa upande wa baba lililogandishwa na maandishi, ilhali jina halisi la ukoo hubaki nje ya nyaraka. Jina la Kihispania García linatumika kama kielelezo cha kulinganishia, kwa kuwa nalo lilipita njia iyo hiyo. Makala yanapendekeza namna ya kurekodi majina ili taarifa za ukoo zisipotee.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania mtu hutambulishwa kwa majina matatu: lake mwenyewe, la baba na la babu. Kiswahili kina istilahi ya zamani kwa jina la baba, yaani ubini, itokanayo na neno la Kiarabu bin. Fomu za shule na za ofisi, hata hivyo, huliita jina la tatu "jina la ukoo", na matumizi hayo yamezoeleka kiasi kwamba wengi huona mambo hayo mawili kuwa ni kitu kimoja. Singida ni mahali pafaapo kuichunguza dhana hiyo kwa sababu jamii zake zinafuata mikondo tofauti ya nasaba. Wanyaturu, ambao hujiita Arimi, huhesabu ukoo kuumeni. Waihanzu, ambao sasa wako katika wilaya ya Mkalama iliyoanzishwa mwaka 2012, wana koo za kukeni. Katika uainishaji wa Guthrie, Kirimi ni F.32, na Kiihanzu kimo katika kundi la F.31 pamoja na Kinyiramba.

2.0 Asili: kutoka jina linalotembea hadi jina lililoganda

Katika mfumo wa asili, jina la pili hutembea. Mtoto huitwa kwa jina lake na kutambulishwa kwa la baba yake. Naye akizaa, jina lake ndilo linalosogea nyuma na kumtambulisha mwanawe, na la babu huachwa. Desturi iliyoenea kwa Wabantu wengi ya kuwapa wajukuu majina ya babu na bibi huyarudisha majina hayo mwanzoni mwa mzunguko.

Mfumo huu si wa Afrika pekee. Wafalme wa Pamplona, kaskazini mwa Hispania ya leo, wanauonyesha bayana. García Sánchez I, aliyetawala tangu mwaka 925 hadi 970, alikuwa mwana wa Sancho; Sánchez maana yake ni "wa Sancho". Mwanawe aliitwa Sancho Garcés, yaani Sancho wa García, na mjukuu wake akawa tena García Sánchez. Majina mawili yalipokezana kizazi baada ya kizazi, na hakuna hata moja lililokuwa jina la ukoo. Baadaye mzunguko huo ulisimama: Sánchez, Martínez na Rodríguez yakawa majina ya kurithiwa, hata kwa mtu ambaye baba yake hakuitwa Sancho, Martín wala Rodrigo.

Huko Singida, kilichousimamisha mzunguko ni maandishi: orodha za kodi za enzi ya ukoloni, vitabu vya ubatizo vya misheni, daftari za shule na, katika miaka ya karibuni, kitambulisho cha taifa. Babu aliyekuwa hai wakati familia ilipoandikwa kwa mara ya kwanza ndiye ambaye jina lake lilibaki. Ugandishaji huo umewahi kufanywa kwa amri pia. Mwaka 1849 Gavana Clavería aliagiza wakazi wa Ufilipino wagawiwe majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyoandaliwa na serikali ya Kihispania. Hapa kwetu kazi hiyo ilifanywa polepole na makarani, bila amri moja, na ndiyo maana matokeo yake hayafanani hata ndani ya familia moja.

3.0 Maana: tahadhari ya kiisimu

Kosa la kawaida katika kufasiri majina ya Singida ni kuyasoma kwa sikio la Kiswahili. Tundu na Mkumbo ni majina yanayojulikana kitaifa kupitia wanasiasa Tundu Lissu na Kitila Mkumbo. Kiswahili kina nomino tundu na mkumbo, lakini kufanana kwa umbo pekee hakuthibitishi kuwa maneno ni yale yale. Kirimi kina irabu saba pamoja na toni. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni bainifu. Jina likiandikwa kwa herufi za Kiswahili, irabu mbili tofauti huweza kuangukia herufi moja na toni hufutika kabisa. Maana hutafutwa kwa kulisikia jina likitamkwa na wazee wa familia, kabla ya kufungua kamusi yoyote.

Pamoja na hayo, zipo dalili za umbo zinazotegemeka. Mahali ambapo Kiswahili kina g, Kirimi mara nyingi kina gh, kikwamizi ghuna cha kaakaa laini. Jina la kata ya Mughanga katika Manispaa ya Singida linalingana kwa umbo na mganga, na lile la kata ya Mughunga linalingana na mgunga. Aidha, kiambishi mu- kinadumisha irabu ambayo Kiswahili kimeidondosha. Tahajia za majina ya watu hufichua ni kwa kiasi gani kila jina limevutwa na Kiswahili: Mughwai, katika jina kamili la Tundu Antiphas Mughwai Lissu, limeihifadhi irabu hiyo, Mghwira, jina la marehemu Anna Mghwira aliyegombea urais mwaka 2015, halinayo. Lissu lina s maradufu, ambayo tahajia sanifu haiitumii.

García linatoa funzo hapa pia. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha ya Kibaski, lakini hawajakubaliana kuhusu mzizi wake: wengine huutaja "dubu", wengine "kijana". Msemaji wa Kihispania hawezi kuipata maana hiyo kutoka katika lugha yake, na bado jina linafanya kazi yake vizuri. Jina la kurithiwa huanza kupoteza maana ya kileksika pale linapoacha kuchaguliwa.

4.0 Kuenea: wingi wa jina si wingi wa ndugu

García ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi nchini Hispania. Wanaolibeba kama jina la kwanza la ukoo wanazidi milioni moja. Wingi huo hautokani na mzee mmoja. Lilikuwa jina binafsi lililopendwa, kwa hiyo liliganda katika familia nyingi zisizo na uhusiano. Mantiki hiyo inahusu Singida pia: jina lililokuwa maarufu kwa mababu wakati wa kuandikishwa ndilo linaloonekana leo kama "ukoo" mkubwa.

5.0 Jina halisi la ukoo

Jina la ukoo lina umbo lake la kisarufi. Ukoo wa watemi wa Ihanzu, wenye makao yao ya kimila Kirumi, huitwa Anyampanda. Neno hilo lina kiambishi cha wingi a-, kiambishi -nya- kinachoonyesha uhusiano au asili, na shina -mpanda. Muundo wenye -nya- unaonekana pia katika majina Wanyaturu na Wanyiramba. Jina la namna hii hutaja kundi, halitaji mtu, na ndiyo sababu ni nadra kuingia katika safu ya tatu ya fomu.

Kwa Waihanzu pengo ni kubwa zaidi. Mtoto huupata ukoo kwa mama, lakini jina la mwisho hulipata kwa baba. Watoto wa madada wawili ni wa ukoo mmoja, hata kama vyeti vyao vya kuzaliwa vina majina ya mwisho yasiyofanana; watu wawili wenye jina moja la mwisho huweza kuwa wa koo mbali kabisa. Mila inapokataza ndoa ndani ya ukoo, cheti hakiwezi kuwaonya vijana waliokulia mijini. Katika mirathi ya kimila, kufanana kwa majina kunaweza kutolewa kama ushahidi wa undugu usiokuwapo. Mhispania hubeba jina la upande wa baba na la upande wa mama, na tangu sheria ya mwaka 1999 wazazi wanaweza kuchagua lipi litangulie. Majina matatu ya Mtanzania yote hufuata mstari wa baba.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba majina ya mwisho ya Singida ni kumbukumbu ya wazee walioandikwa, na kwamba koo zenyewe zinahifadhiwa kwa mdomo tu. Watafiti wa majina hawana budi kumuuliza kila mhojiwa maswali matatu tofauti: jina lake la mwisho ni la nani, ukoo wa baba yake ni upi, na ukoo wa mama yake ni upi. Majibu yarekodiwe kwa sauti pamoja na tahajia inayotofautisha irabu zote saba. Kazi hiyo ifanywe wakati wazee wanaozijua koo hizo bado wapo, kwa sababu mjukuu mwenye cheti pekee hataweza kuyajibu maswali mawili ya mwisho.