Lugha ya Vitabu vya Kutambulisha Ndege: Mazingatio Kutoka Kimana

Makala haya yanakusudia kulijadili jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa si la idara ya lugha, yaani vitabu vidogo vya kutambulisha ndege. Vitabu vya namna hii vilipata umbo lake Marekani na Uingereza, vikaenea Ulaya, kisha vikaletwa Afrika Mashariki, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali ya wanasayansi na watalii. Hata hivyo, mtu akivichunguza kwa makini ataona kwamba kazi yake kubwa ni kazi ya lugha: kumwezesha msomaji asiye mtaalamu kumtenga ndege mmoja na mwenziwe anayefanana naye, kwa maneno machache na bila utata. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kikijiandalia kitabu cha aina hiyo hakitakwama kwenye majina, kama wengi wadhanivyo. Kitakwama kwenye maelezo, na mkwamo huo umo tayari katika kamusi zetu.

Nimechagua Kimana kuwa mahali pa mfano. Kimana ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara itokayo Emali kwenda Oloitokitok. Maji yapitayo chini ya ardhi kutoka Mlima Kilimanjaro huibuka hapo na kufanya kinamasi, na kando ya kinamasi hicho pana hifadhi ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1996 katika ardhi ya ranchi ya pamoja ya Wamaasai. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, baadhi ya ndege wanaochorwa katika vitabu vya Uingereza na Ulaya huwa wako huku, si kule. Tena Kimana hukutanisha lugha tatu: Kimaasai cha nyumbani na malishoni, Kiswahili cha sokoni, na Kiingereza cha kitabu anachokibeba mwongozaji wa watalii.

Yafaa kwanza tueleze kitabu chenyewe kilivyotokea. Kwa muda mrefu, mtu wa Ulaya au Marekani aliyetaka kulijua jina la ndege kwa uhakika alihitaji, mara nyingi, kuwa na ndege huyo mkononi, na alikuwa mkononi kwa sababu amekwisha kupigwa risasi. Maelezo ya vitabu vikubwa yaliandikwa kwa ajili ya mzoga uliolazwa juu ya meza: urefu wa ubawa, hesabu ya manyoya ya mkia, umbo la ukucha. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alitoa kitabu ambacho chapa yake ya kwanza ilikuwa ya nakala 2,000 tu. Alimchora ndege kama aonekanavyo kwa mbali, akaweka vijistari vya kuelekeza jicho kwenye alama moja au mbili zimtengazo na wenziwe. Mengine yote aliyaacha. Mwaka 1954, pamoja na Guy Mountfort na P.A.D. Hollom, alitoa kitabu cha ndege wa Uingereza na Ulaya kwa mtindo huohuo.

Waingereza hawakuwa mikono mitupu kabla ya hapo. Walikuwa na vitabu vyao vya mfukoni. Kimoja chahitaji kutajwa hapa. Mwaka 1952 Fitter na Richardson walijaribu kuwapanga ndege kufuata mahali waonekanapo na ukubwa wa miili yao, badala ya kufuata ukoo wao wa kisayansi. Mwanaisimu hataacha kuona maana ya jaribio hili. Palikuwa na uainishaji wa maabara, na palikuwa na uainishaji wa mtu asimamaye shambani akiuliza, "Yule ni nani?" Wao walimwandikia huyu wa pili. Mtindo wao haukushinda, lakini swali walilouliza bado li hai kwetu sisi, kwa kuwa majina yetu mengi ya ndege yametokana na uainishaji wa huyo wa pili: *kigogota* ameitwa kwa kazi yake ya kugotagota miti, *hondohondo* na *dudumizi* kwa sauti zao.

Afrika Mashariki ilipita njia ileile, kutoka vitabu vizito hadi vya mfukoni. Mackworth-Praed na Grant walitoa majalada yao mawili juu ya ndege wa mashariki na kaskazini-mashariki ya Afrika mwaka 1952 na 1955. Mwaka 1963 John G. Williams, aliyekuwa mtunza ndege wa Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, alitoa kitabu cha kuchukuliwa safarini. Vikafuata kile cha Zimmerman, Turner na Pearson mwaka 1996, na kile cha Stevenson na Fanshawe mwaka 2002, ambacho chaeleza spishi zaidi ya 1,300. Vyote hivi viliandikwa kwa Kiingereza. Upande wa majina ya Kiswahili, R.H.W. Pakenham alikusanya majina ya ndege wa Unguja na Pemba na kuyachapisha mwaka 1959, kazi ambayo wanaleksikografia wetu wangeweza kuifaidi zaidi kuliko walivyoifaidi.

Sasa tuangalie mfano. Katika kinamasi cha Kimana yawezekana kuwaona ndege watatu warefu wa miguu. Wa kwanza ni mweupe mwenye mabawa meusi nyuma, mdomo mwekundu na miguu myekundu. Huyu ndiye ajengaye kiota juu ya mapaa ya nyumba huko Ujerumani na Poland. Wa pili ana mdomo mkubwa wenye nyekundu, nyeusi na manjano, naye ni mkazi wa Afrika. Wa tatu ana kishungi cha rangi ya dhahabu kichwani. Kitabu cha Kiingereza chawapa majina matatu, na kwa huyu wa tatu chatumia neno la ukoo tofauti kabisa, kwa kuwa si jamaa wa karibu wa wale wawili: wao hawana sauti ya kusemwa, hugonganisha midomo tu, na yeye hulia kwa sauti inayosikika mbali. Katika Kiswahili wote watatu ni *korongo*. (Neno hilohilo, kwa bahati isiyo njema, ni jina la mnyama mwenye pembe na pia la bonde lililochimbwa na maji.)

Wengi hulichukua jambo hili kuwa dalili ya umaskini wa lugha. Mimi sikubaliani nao. Kiingereza cha kawaida hakina majina matatu kwa ajili ya ndege hawa ila kwa kuongeza kivumishi, na vivumishi hivyo viliwekwa na waandishi wa vitabu, tena baada ya mabishano marefu. Kiswahili kina uwezo huohuo. *Korongo mweupe*, *korongo domo-rangi*, *korongo taji*: maneno haya hayahitaji kamati kukaa miaka miwili. Kinachohitajika ni kwamba mtu akishasema *korongo mweupe*, pawe na mahali palipoandikwa ni yupi, na ni kwa alama gani atatengwa na yangeyange, ambaye naye ni mweupe.

Katika uundaji huo wa majina pana mtego mmoja. Njia nyepesi ni kutafsiri jina la Kiingereza, na vitabu vya Kiingereza vya Afrika vimezoea kuwaita ndege hawa wa safari "wa Ulaya". Keremkerem mmoja, mwenye mgongo wa kahawia iliyokoza na koo la manjano, amepewa sifa hiyo. Jina hili ni la mtu asimamaye Ulaya. Mbayuwayu wa mapaa ya Uingereza hufika huko mnamo Aprili na huondoka mnamo Septemba, kisha huishi Afrika muda usiopungua huo. Tangu lini yajulikana? Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Staffordshire mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Ikiwa makao ndiyo yatoayo jina, basi Kimana ina haki sawa na Staffordshire. Afadhali jina litokane na mwili au mwenendo wa ndege, ambavyo huvichukua aendako.

Tumchukue yule ndege mdogo wa manjano aendaye miongoni mwa miguu ya ng'ombe akidaka wadudu wanaotimuliwa, huku akitikisa mkia bila kupumzika. Kiingereza kimemwita kwa mkia huo. Kijerumani kimemhusisha na kondoo, na jina la Kifaransa la jamii yake lina maana ya kichungaji kidogo. Lugha tatu zimemtazama ndege mmoja malishoni zikachagua alama mbili, mkia na mifugo, na zote mbili zaonekana Kimana kila asubuhi ya msimu wake. *Kitikisamkia* lingekuwa jina jema. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza, maana kitabu cha Ulaya huendelea kumgawa kufuata kichwa: pana mwenye kichwa cha manjano, mwenye kichwa cha kijivu-buluu na unyusi mweupe, na mwenye kichwa cheusi kabisa atokaye pande za Balkani. Wale wa Uingereza wengi wao huelekea Afrika Magharibi; wanaokuja kwetu ni wa mashariki zaidi, na vichwa vya namna kadhaa huweza kuonekana katika kundi moja.

Je, tunayo maneno ya kueleza hayo? Kwa viungo vya mwili tunayo, tena tele, na tumeyapata kwa mfuga kuku na kwa mpishi: utosi, paji, kisogo, unyusi, shingo, kidari, ubawa, shungi, upanga, kipi. Mahali pagumu ni pale juu ya mkia, mgongo unapoishia. Kwa watambuzi wa ndege pana umuhimu mkubwa, kwa kuwa ndege wengi huonyesha weupe wa hapo wanaporuka. Yupo mgeni mmoja wa kutoka kaskazini ambaye jina lake la Kiingereza, *wheatear*, husomeka leo kana kwamba lahusu ngano na sikio, kumbe asili yake ni "matako meupe". Waingereza walilificha neno kwa adabu. Sisi twaweza kusema *kitako*, na sidhani mzee yeyote atainuka kitini.

Rangi ni tatizo kubwa zaidi. Nyeupe, nyeusi na nyekundu huchukua viambishi vya ngeli bila taabu. Zilizobaki hutegemea "rangi ya" kitu fulani, na kati ya kahawia na hudhurungi kila mwandishi ana mpaka wake. Kwa mabaka, milia na madoadoa tuko salama. Hapa Kimaasai kina la kutufundisha. Lugha hiyo ina msamiati mpana wa rangi na ruwaza za ng'ombe: *pus* kwa kijivu chenye kuelekea buluu, *arus* kwa mabaka meusi na meupe, *mugie* kwa kahawia iliyokoza. Sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955 na kamusi ya Frans Mol ya mwaka 1978 zaweza kuwa mlango wa msamiati huo. Tena si ng'ombe tu. Kwa desturi vijana wa Kimaasai waliotahiriwa karibuni huwinda ndege wadogo kwa mishale butu na kuwavaa kichwani, desturi ambayo Hollis aliitaja katika kitabu chake cha mwaka 1905. Kijana atafutaye ndege wa rangi mbalimbali kwa ajili ya taji lake hawezi kuridhika na mtu amwambiaye kwamba yule ni "ndege mdogo".

Na bado "aina ya ndege" ndilo jibu ambalo kamusi zetu hulitoa mara nyingi, pengine likiongezewa "mdogo" au "wa pwani". *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 ilikuwa hatua kubwa, na silaumu waliofanya kazi ile kwa mkono na kwa kadi. Lakini fasili iwezayo kuwahusu ndege mia kwa pamoja haijafasili. Kosa hili lina matokeo yake: mwalimu wa Oloitokitok akiulizwa na mwanafunzi tofauti ya mwewe na kipanga, hana pa kufungua.

Napendekeza kwamba fasili ya ndege katika kamusi iandikwe kwa kanuni ya Peterson: ukubwa kwa kulinganisha na ndege ajulikanaye, alama moja au mbili za kumtenga, mahali, na mwenendo au sauti. Kwa mfano:

*korongo mweupe*: ndege mrefu kuliko yangeyange maradufu, mweupe, mwenye mabawa meusi upande wa nyuma, mdomo mwekundu ulionyooka na miguu myekundu, huonekana mbugani na mashambani, mara nyingi kwa makundi, kati ya Oktoba na Machi, hunyoosha shingo arukapo, ilhali yangeyange huikunja, hana mlio, hugonganisha mdomo.