Pawasaplai hulipiwa kwenye Luku

Mtu wa Mtinko, mkoani Singida, anayefikiria kuchimba bitcoin nyumbani huanza kwa kuuliza bei ya mashine, kisha spidi yake. Pawasaplai huifikia mwisho, fedha zikiwa zimekaribia kwisha, na hapo huchukua ya bei ya chini kuliko zote. Huko ni kuanza na mkia. Kinachoifanya pawasaplai iwe salama ndicho hichohicho kinachoifanya iwe nafuu, nacho ni kutogeuza umeme kuwa joto bure. Chukua mashine inayohitaji wati 1,000. Pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati 1,111. Yenye asilimia 80 itavuta 1,250. Wati 139 za tofauti hiyo hazichimbi chochote, zinachemsha boksi tu. Mashine ikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30, hizo ni uniti 100, na kwa mteja wa kawaida anayelipa takriban Sh350 kwa uniti pamoja na kodi, ni Sh35,000 kila mwezi. Ile nafuu ya dukani inaliwa na Luku ndani ya miezi michache, na joto hilohilo ndilo linalokausha kapasita na kulainisha plastiki ya waya.

Hesabu ya pili iko kwenye soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa mzigo usiopumzika ni busara kutovuka asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani ampea 10 na ushei. Antminer S9, mashine ya zamani ya mwaka 2016 inayokula wati zipatazo 1,320, huvuta ampea 5.7 kwenye volti 230, kwa hiyo inapita. Antminer S19 hula wati 3,250, sawa na ampea 14. Hiyo haifai kabisa kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, sembuse ekstensheni. Inadai laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka, waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 20. Volti zikishuka mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu pawasaplai hufidia upungufu kwa kuvuta ampea zaidi: kwenye volti 200, S19 hufika ampea 16. Kuna pia suala la ethi, ambalo kwa Singida lina uzito wa pekee. Mkoa huu ni mkavu, na udongo ukikauka kiangazi, fimbo ya ethi iliyochimbiwa juujuu hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Bila ethi nzuri, bodi la chuma la pawasaplai huweza kumrusha anayeligusa, hata kama ndani hakuna kilichoharibika.

Wapo watakaosema stabilaiza inatosha. Inasaidia volti, lakini haiunenepeshi waya mwembamba, na nayo ina kiwango chake cha wati ambacho wauzaji wengi hukitaja kwa ukarimu kupita kiasi. Wengine watasema umeme wa kijijini ni rahisi. Ni kweli kwamba mteja mdogo hupewa uniti 75 kwa mwezi kwa Sh100 kila moja kabla ya kodi, ila S9 huzimaliza kwa saa 57, siku mbili na nusu hazijatimia. Mwezi mzima hula uniti 950, zaidi ya Sh330,000. Tangu Aprili 2024 malipo ya mchimbaji kwa kila bloku yameshuka kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125, na Sheria ya Fedha ya mwaka huohuo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa mashine ya kizamani sioni faida inayobaki.

Tazama uchimbaji ulikoshika mizizi katika ukanda wetu. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza mwaka 2020 kwa umeme wa mtambo wake yenyewe wa maji wa Luviro, uliokuwa bado haujapata wateja wa kutosha. Kampuni ya Gridless ya Kenya nayo hununua ziada ya mitambo midogo ya maji. Hao wanatumia umeme ambao ungepotea. Mtinko umeme hununuliwa kwa bei ya mita, tena kwa kugawana na mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mashine yoyote, mlipe kwanza fundi mwenye leseni ya EWURA aje jioni, majirani wamewasha kila kitu, apime volti kwenye soketi na ukinzani wa ethi. Akikuta chini ya volti 200, fedha ya kwanza iende kwenye waya na ethi.