Mji wa Arusha na Mambo Yake ya Kutazamwa

Arusha ni mji mkubwa ulio chini ya mlima Meru, upande wa kusini, katika nchi ya Tanzania. Kila mwaka wageni wengi hufika hapa kutoka nchi za mbali. Lakini wengi wao hulala usiku mmoja tu, na asubuhi hupanda magari kwenda Serengeti na Ngorongoro kutazama wanyama. Huupita mji kama msafiri apitavyo kituo cha gari la moshi. Na wenyeji je? Wengi wao hupita mbele ya majengo ya mji wao kila siku, wala hawajui yalijengwa na nani, wala kwa sababu gani.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni akiuliza habari, mwenyeji hulazimika kujifunza ili apate kumjibu, na faida ni yake. Basi, wanafunzi, na tuutembee mji huu, na kila tufikapo mahali tuulize: Kitu hiki kilitoka wapi?

Tuanze na Boma la kale. Ni jengo jeupe lenye kuta nene, na siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyofunguliwa mwaka 1987. Ndani yake mgeni huona habari za wanyama na wadudu, na habari za mwanzo wa binadamu kama zilivyochimbuliwa Olduvai na Laetoli. Lakini kuta zenyewe nazo zina habari yao. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri katika nchi ya Wameru, wakauawa usiku. Ndipo askari wa Kijerumani walipokuja kutoka Moshi kulipiza kisasi. Waliua watu wengi, wakateka mifugo, wakaharibu migomba, hata wasiokuwa na hatia wakaadhibiwa pamoja na wenye hatia. Kisha Warusha na Wameru walishurutishwa kujenga boma hili, likamalizika mwaka 1900. Mwaka 1902 wamisionari wengine walikuja wakakaa Nkoaranga, wakafundisha kwa amani. Basi mtu akilitazama Boma na kusema, "Jengo zuri," amesema kweli. Lakini ajue pia lilijengwa kwa jasho la watu wasiolipenda.

Karibu na Boma pana majumba marefu ya mikutano, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Humo ndimo ilimokaa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wakuu wa mauaji ya watu wengi yaliyotokea Rwanda mwaka 1994. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya moja huko Rwanda. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya mataifa juu ya kosa la kutaka kuangamiza kabila zima la watu. Mahakama ilimaliza kazi yake mwisho wa mwaka 2015. Tazameni tofauti: katika Boma watu waliadhibiwa pasipo kusikilizwa, hapa, mwendo mfupi tu kutoka pale, hata mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa kupita yote alipewa wakili wa kumtetea, naye akasikilizwa.

Tukishuka kwa barabara ya Boma twafika Mnara wa Saa. Watu husema kwamba mahali hapa ni katikati kabisa ya njia ya kutoka Cairo mpaka Cape Town. Neno hili twaweza kulipima wenyewe kwa ramani. Cairo iko digrii 30 kaskazini ya Ikweta, na Cape Town iko digrii 34 kusini. Jumla ni digrii 64, na nusu yake ni 32. Basi katikati ni digrii 2 kusini ya Ikweta. Lakini Arusha iko digrii 3 na zaidi kidogo. Kwa hiyo neno hilo li karibu na kweli, wala si kweli kabisa. Mwenyeji mwema humwambia mgeni lile linalosemwa, na lile lililopimwa.

Upande wa Kaloleni iko nyumba isiyo kubwa, ambayo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Katika nyumba hii, mwishoni mwa Januari 1967, wakuu wa chama cha TANU walikutana, na tarehe 5 Februari Mwalimu Julius Nyerere aliitangazia nchi siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Karibu na hapo umesimama mnara wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru.

Sasa tutoke mjini tuuendee mlima. Meru una urefu wa futi 15,000 hivi, yaani zaidi ya mita 4,500. Ni mlima wa volkeno, na mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Zamani sana ubavu wake wa mashariki ulibomoka, mawe na tope vikaporomoka mbali. Katika mabonde yaliyobaki yakapatikana maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, kwa hiyo heroe huja kula humo. Sehemu hii imo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambamo mgeni aweza kutembea kwa miguu akifuatana na askari mwenye bunduki, akawaona twiga, nyati na mbega.

Lakini mlima huo huo utupao mvua na udongo mzuri hutia madini ya floridi katika maji ya mito na visima vingi. Yakizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia, na mifupa huharibika. Ndiyo sababu mahali pengine maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa kabla ya kunywewa.

Ng'ambo ya maziwa hayo iko Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka huko, ili Wazungu wafuge ng'ombe. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza shauri lao. Hawakurudishiwa nchi yao wakati ule, lakini dunia ilisikia.

Basi, wanafunzi, mgeni akiwauliza, "Hapa pana nini cha kutazama?" msimjibu, "Hapana kitu, nenda Serengeti." Mwonyesheni Boma, majumba ya mikutano, mnara na mlima, na mmweleze habari zake kwa kweli, zile za kupendeza na zile za huzuni. Na neno msilolijua, waulizeni wazee kabla hawajaondoka, kwani kuuliza si ujinga.