Runinga ya sebuleni yaweza kuwa ubao wa kusomea watoto

Jioni, wakati wa kazi za shule, katika nyumba nyingi utakuta watoto wawili au watatu wamebanana mbele ya simu ya mama au kompyuta mpakato ya baba. Mkubwa ameishika, wadogo wanachungulia pembeni, na ugomvi hauchelewi. Wakati huohuo runinga ya inchi 32 ipo ukutani, imezimwa, ikisubiri taarifa ya habari.

Kusomea kwenye vioo vidogo kulishika kasi Machi 2020, shule zilipofungwa nchini kwa sababu ya corona, na hakujaisha. Masomo yapo YouTube, walimu wanatuma maswali WhatsApp, na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Mzazi mwenye kompyuta na runinga anaweza kuviunganisha kwa waya mmoja, watoto wote wakasoma wakiwa wamekaa vizuri.

Faida si nafasi tu. Simu ikiwa mkononi mwa mtoto chumbani, anachokitazama anakijua yeye peke yake. Kikiwa kwenye runinga ya sebuleni, hata mzazi aliyeko jikoni anasikia na kuona.

Angalia matundu kabla ya kwenda dukani

Wengi hupoteza fedha kwa kununua waya kabla ya kukagua vifaa vyao. Geuza kompyuta na utazame pembeni. Ukiona tundu bapa, lenye upana wa takribani sentimita moja na nusu na kona mbili za chini zimekatwa, hilo ni HDMI. Runinga bapa nyingi zina tundu kama hilo nyuma au ubavuni. Waya wa HDMI hupitisha picha na sauti kwa pamoja, hivyo unatosha peke yake.

Kompyuta za zamani zina tundu la VGA, mara nyingi la buluu, lenye vishimo 15 katika mistari mitatu. Hilo hupitisha picha tu. Sauti itahitaji waya mwingine kutoka tundu la spika za masikioni.

Kompyuta mpya nyembamba huwa na tundu dogo la USB-C pekee. Hapo utahitaji adapta, lakini hakikisha kwanza kwamba tundu hilo linatoa picha, maana mengine ni ya kuchajia na kuhamisha mafaili tu.

Wenye runinga za chogo, zenye matundu ya duara ya njano, nyeupe na nyekundu, wanahitaji kifaa cha kugeuza HDMI kwenda AV. Kuwa makini dukani: kipo kingine kinachofanana nacho kabisa, ila kinageuza AV kwenda HDMI, nacho hakitakusaidia. Ujue pia kwamba kwenye chogo katuni zitaonekana vizuri, lakini maandishi madogo ya kitabu hayatasomeka.

Hatua za kuunganisha

Unganisha waya vifaa vikiwa vimezimwa, hasa kama nyaya za umeme za nyumba yenu si za kuaminika. Ingiza kichwa cha waya kikiwa kimenyooka, bila kulazimisha. Kisha washa runinga, chukua rimoti, bonyeza kitufe kilichoandikwa Source au Input na uchague HDMI yenye namba ya tundu ulilotumia. Namba huwa imeandikwa kando ya tundu.

Washa kompyuta. Kama inatumia Windows na picha haijatokea, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha na ubonyeze P. Utapata machaguo manne. Duplicate huonyesha picha ileile kote kuwili. Extend hufanya runinga kuwa kioo cha pili, chenye mambo yake.

Picha ikija bila sauti, usirudishe waya dukani. Bofya alama ya spika kwenye kona ya chini ya kompyuta na uchague runinga kuwa mahali pa kutolea sauti. Maandishi yakiwa madogo, shikilia Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha mpaka mtoto aliyekaa nyuma asome.

Bando na siri za nyumbani

Waya wenyewe hauli bando. Kinacholila ni video inayotazamwa moja kwa moja mtandaoni, na ubora wa picha ukipanda, ulaji unapanda. Ni nafuu kupakua kitabu au somo mara moja na kulitumia wiki nzima. Kama ni video iliyopakuliwa, runinga nyingi huisoma kwenye flashi bila kompyuta. Kompyuta ni ya lazima zaidi kwa vitabu vya PDF na mazoezi.

Jambo linalosahaulika ni ujumbe. Ukichagua Duplicate huku WhatsApp au barua pepe ya kazini iko wazi, meseji ya mkopo au ya ugomvi wa ukoo itatokea mbele ya watoto na wageni. Funga programu hizo na uzime taarifa za ghafla kabla ya kuanza. Lililo bora ni kuwafungulia watoto akaunti yao kwenye kompyuta, isiyo na mafaili ya mzazi.

Macho na muda

Kioo kikubwa hakina maana ya muda mrefu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Kwa wanaosoma, kanuni rahisi ni kupumzisha macho kila baada ya dakika 20: waangalie kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, kisha waendelee.

Pitisha waya kando ya ukuta, si katikati ya njia. Mtoto akijikwaa, kompyuta itaanguka na tundu kuvunjika, na hapo gharama itazidi ile ya waya. Mvua yenye radi ikianza, zima vyote na uchomoe kwenye umeme.

Mwisho, mzazi, kaa nao hata dakika 15 za mwanzo. Muulize mtoto akueleze alichokiona kwenye kioo. Akiweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe, somo limeingia. Akishindwa, rudisheni video nyuma, muitazame tena pamoja.