Darubini ndogo: ipime kwanza, pesa baadaye

Mfugaji anayetafuta ng'ombe waliotangulia mbugani Kishapu, kijana anayelinda mpunga dhidi ya kwelea kwelea Kahama, mlinzi wa mgodi Geita, askari wa wanyamapori wa kijiji kando ya pori la Kigosi: wote hawa wanaweza kuokoa hatua nyingi wakiwa na darubini ndogo ya kuvaa shingoni. Tatizo ni kwamba darubini ni bidhaa rahisi kumdanganyia mnunuzi. Kasoro zake haziko kwenye ganda la nje, ziko ndani ya vioo, na nyingine huzihisi hadi kichwa kianze kuuma baada ya nusu saa.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa fundi. Macho yako, rula ya mwanafunzi na tochi ya simu vinatosha kukuambia kama darubini iliyo mbele yako ina thamani ya pesa unayoombwa.

Namba mbili zinasema nini

Kila darubini imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x21 au 10x25. Namba ya kwanza ni ukuzaji. Ukiwa na ya 8, ng'ombe aliye umbali wa meta 800 utamwona kama yuko meta 100. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Hiyo lenzi ya mbele ndiyo dirisha la kuingizia mwanga.

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Ya 8x21 inakupa kama milimita 2.6. Huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Mchana wa jua kali, tundu la mboni ya jicho hujibana hadi kama milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini ndogo inatosha kabisa. Jioni giza likianza kuingia, tundu hilo hufunguka hadi milimita 5 na zaidi, na hapo darubini ndogo huonyesha picha yenye giza. Hiyo si kasoro, ni mpaka wake. Mlinzi anayefanya kazi alfajiri na magharibi anahitaji kubwa zaidi, kama 8x42, ingawa ni nzito shingoni.

Usikimbilie ukuzaji mkubwa. Darubini hukuza pia mtetemeko wa mikono yako. Wengi wetu tukishika kwa mikono mitupu tunaishia mara 10. Zaidi ya hapo picha inacheza tu. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi hufaidika zaidi na ya 7 kuliko ya 12.

Namba za uongo

Utakutana na darubini inayoingia mfukoni lakini imeandikwa 30x60 au 60x60. Toa rula. Pima kioo chenyewe cha mbele, si ganda la mpira linalokizunguka. Ukikuta milimita 22 mahali palipoandikwa 60, umeshajua muuzaji au mtengenezaji anasema uongo. Kama namba ya pili ni ya uongo, hakuna sababu ya kuamini ya kwanza.

Yapo mambo mengine matatu ya kuangalia kwa makini. La kwanza ni lenzi nyekundu zinazong'aa kama taa ya nyuma ya gari. Zinavutia macho, lakini wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kukufikia, na picha hubaki na rangi isiyo ya kweli. La pili ni maandishi ya kwamba darubini ni ya mchana na usiku. Kifaa cha kweli cha kuonea gizani hutumia umeme wa betri. Darubini ya vioo vitupu haiongezi mwanga usiokuwepo. La tatu linawahusu wachimbaji: hakuna lenzi inayoona dhahabu chini ya udongo au ndani ya mwamba. Mwanga haupenyi jiwe. Mtu anayekuuzia darubini ya namna hiyo anakuuzia hadithi.

Vipimo sita vya kufanya papo hapo

Iwe ni mnadani Mhunze au dukani Kahama na Katoro, omba utoke nje nayo. Nenda asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Saa saba mchana hewa ya mbugani hucheza kwa joto, na hata darubini nzuri itaonyesha picha inayotetemeka.

1. Tochi ya simu. Mulika kwenye lenzi ya mbele na uangalie taa inavyojirudisha kwenye kioo. Ukiona rangi ya kijani au zambarau iliyofifia, lenzi imepakwa utando mwembamba unaosaidia mwanga kupita. Ukiona mng'ao mweupe mtupu, haijapakwa. Kisha chungulia ndani: vumbi jingi, matone au nyuzi kama utando wa buibui ni dalili mbaya. Nyuzi hizo ni ukungu, nao hula kioo.

2. Miduara ya mwanga. Shika darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ukielekeza kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua. Kwenye kila lenzi ya machoni utaona kiduara cha mwanga. Kiwe cha mviringo kamili na cha kulingana pande zote mbili. Kikiwa kimekatwa pembeni, vioo vya ndani ni vya daraja la chini au vimekaa vibaya.

3. Mstari ulionyooka. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Tazama ukingo wa bati la nyumba ya mbali au waya wa umeme. Ukiona mistari miwili, au macho yakijivuta ili kuifanya mmoja, mapipa mawili ya darubini hayatazami mahali pamoja. Ubongo wako utajitahidi kuyaunganisha, na malipo yake ni kichwa kuuma na kichefuchefu.

4. Kulenga. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha fumba la kushoto, na urekebishe lenzi ya kulia peke yake. Sasa fumbua yote mawili. Picha isipokuwa safi katikati, rudisha. Ukungu kidogo pembeni ni wa kawaida kwa darubini za bei nafuu.

5. Bawaba. Zifungue na kuzifunga. Ziwe ngumu kiasi cha kubaki pale ulipoziacha. Bawaba inayolegea dukani italegea zaidi baada ya wiki moja ya pikipiki.

6. Miwani. Kama unavaa miwani, kunja vikombe vya mpira vya machoni na utazame ukiwa nayo. Ukiona duara dogo tu, hiyo si yako.

Thamani yake ni kiasi gani

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, lakini kanuni haibadiliki. Darubini iliyofeli kipimo cha tatu haina thamani kwako hata ikishushwa bei nusu. Kuyanyoosha mapipa ni kazi ya fundi wa vifaa hivyo hasa, na gharama yake huweza kuzidi bei ya darubini ndogo yenyewe.

Kwenye bidhaa za bei nafuu, darubini mbili za aina moja kutoka boksi moja huweza kutofautiana sana. Omba kuona mbili au tatu, uzipime zote, uchukue iliyo bora. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Iliyotumika si lazima iwe mbaya. Darubini ya zamani ya Nikon, Pentax au Zeiss iliyotunzwa vizuri huweza kuipita mpya isiyo na jina. Lakini majina hayo huigwa, kwa hiyo jina lisikufanye uruke kipimo hata kimoja. Dai risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kama unaweza kuirudisha. Ukishuku umeuziwa bidhaa bandia, chombo kinachoshughulikia jambo hilo nchini ni Tume ya Ushindani, FCC.

Ukishainunua

Egemeza viwiko kwenye mti, jiwe au magoti yako. Utaona vizuri kuliko mwenye darubini ghali anayetetemeka. Vumbi la mgodini hukwaruza kioo, kwa hiyo lipulize kwanza, ndipo ufute taratibu kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Usifutie pindo la shati.

Mchimbaji ana faida moja ya ziada. Geuza darubini, usogeze punje ya jiwe karibu kabisa na lenzi ya machoni, kisha uchungulie kupitia lenzi kubwa. Itakuwa kioo cha kukuzia. Dhahabu hubaki na rangi ileile ukiigeuza, hata kivulini; pairaiti, ile inayoitwa dhahabu ya wajinga, humetameta na kuzimika. Ukiichoma kwa sindano, dhahabu hubonyea, pairaiti huvunjika.

Jambo la mwisho ni la kuwaeleza watoto pia. Kamwe usitazame jua kwa darubini, hata kwa sekunde moja. Lenzi hukusanya joto na mwanga nyuma ya jicho, mahali ambapo hapana hisia ya maumivu. Mtu anaweza kupofuka bila kusikia chochote, na jicho hilo halitengenezwi tena kwa bei yoyote.