Kanuni za Uwindaji wa Simba: Umri wa Dume na Usalama wa Kijiji



Kamati za parokia zilizo jirani na mapori ya akiba hutuuliza mara kwa mara: kwa nini mgeni aruhusiwe kuwinda simba, na mwanakijiji anayemfuata simba aliyekula ng'ombe wake akamatwe? Wafadhili wetu walio ng'ambo nao huuliza: kwa nini uwindaji huu usipigwe marufuku mara moja? Hatuwezi kujibu maswali haya bila kwanza kuelewa kanuni zenyewe, jinsi zilivyobadilika, na mabadiliko hayo yamewafanya nini simba na watu wanaoishi nao.

Idadi peke yake haitoshi

Tanzania inaaminika kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya simba hao wako nje ya hifadhi za taifa, katika mapori ya akiba na mapori tengefu yaliyogawanywa kuwa vitalu vya uwindaji wa kitalii. Kwa miaka mingi kanuni kuu ilikuwa mgawo: kila kitalu kilipewa idadi ya simba wanaoweza kuwindwa kwa mwaka, na wote sharti wawe madume.

Kwa haraka mtu angesema kanuni hiyo inatosha, maana jike ndiye anayezaa. Lakini simba hawaishi kama kuku wa bandani. Majike na watoto wao hulindwa na madume wawili au watatu wenye nguvu. Dume mmoja akiuawa, walinzi hupungua, na madume wageni huja kulitwaa kundi. Jambo la kwanza wanalofanya ni kuua watoto wadogo waliowakuta, ili majike wapate mimba upya. Kwa hiyo risasi moja inaweza kugharimu dume mmoja pamoja na watoto wote wa kundi. Watoto wa simba huhitaji takriban miaka miwili ya ulinzi kabla ya kuweza kujitegemea.

Matokeo yalionekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba simba waliowindwa Tanzania walipungua kwa asilimia 50 kati ya mwaka 1996 na 2008, na vitalu vilivyoanza kwa kuwinda wengi ndivyo vilivyoanguka zaidi. Watafiti hao walishauri pasiwindwe zaidi ya simba mmoja kwa kila kilometa za mraba 2,000, isipokuwa Selous ambako mmoja kwa kilometa 1,000 angeweza kuvumilika.

Kanuni ya miaka sita

Mwaka 2004 Craig Packer na wenzake, wakitumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti na Ngorongoro, walitoa hoja rahisi. Kama wawindaji wataacha madume vijana na kuchukua tu wale waliokwisha kulea kizazi kimoja, yaani wenye umri wa miaka mitano au sita na kuendelea, kundi halitadhurika sana. Dume huyo ameshamaliza kazi yake ya ulinzi. Waliongeza kwamba umri unaweza kukisiwa kwa kuangalia pua: simba kijana ana pua ya rangi ya waridi, na kadiri anavyozeeka weusi huenea juu yake.

Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji ilianza kutumia kanuni ya umri katikati ya miaka ya 2000. Tanzania nayo iliweka kima cha chini cha miaka sita mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nyara hukaguliwa, hasa meno na fuvu, na mwindaji aliyechukua simba mchanga huadhibiwa. Faida ya kanuni hii ni kwamba hata pale ambapo hakuna anayejua idadi kamili ya simba porini, madume wanaolea hubaki hai. Ugumu wake ni kwamba inamtaka mwindaji awe na subira, na mkaguzi awe mwaminifu.

Funzo kutoka kwa puma wa Marekani

Jambo hili si la simba peke yake. Katika jimbo la Washington, nchini Marekani, wapiga kura waliamua mwaka 1996 kupiga marufuku kuwinda puma kwa kutumia mbwa. Nia ilikuwa huruma. Lakini mbwa humfukuza puma hadi apande mti, na mwindaji hupata nafasi ya kutambua kama ni dume au jike. Bila mbwa, humpiga yeyote anayekutana naye. Aidha jimbo, likihofia puma kuongezeka, lilirefusha msimu na kushusha bei ya leseni. Wenye leseni waliongezeka sana, na majike wengi zaidi wakauawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State walikuta kwamba kuwinda kwa wingi hakukupunguza malalamiko ya wafugaji. Madume wakubwa walipoondolewa, nafasi zao zilichukuliwa na madume vijana waliotoka mbali, na hao ndio wasumbufu zaidi. Mwaka 2013 jimbo likaweka kikomo cha asilimia 12 hadi 16 ya puma wa kila eneo, kiwango kinacholingana na jinsi wanavyoongezeka wenyewe.

Je, marufuku ndiyo dawa?

Wafadhili wanaouliza swali hili wanayo haki ya kujibiwa kwa uwazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo, hadi mwaka 2016 wanyamapori wake walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Marufuku haikuzuia malisho kufungwa, mashamba kupanuka, wala sumu kuwekwa katika mizoga. Kwa upande mwingine, hatuwezi kusema uwindaji ndio uliookoa simba wa Tanzania, kwa kuwa takwimu za 1996 hadi 2008 zinakataa.

Mwaka 2016 Marekani ilianza kudai uthibitisho kwamba uwindaji unasaidia uhai wa simba kabla ya nyara kuingizwa nchini humo. Baada ya soko kudorora, kampuni kadhaa zilirudisha vitalu serikalini. Kitalu kisicho na mwekezaji hakina askari wa doria wa kutosha, na ng'ombe na mashoka huingia. Kwa hiyo anayetaka uwindaji ukome hana budi kujibu pia swali la nani atalipia ulinzi wa pori.

Simba wa shambani

Wanavijiji wa Rufiji na Lindi wana swali jingine zito zaidi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, Machi hadi Mei, baadhi wakiwa wamelala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba huwafuata nguruwe, na nguruwe huyafuata mahindi.

Ni vema ieleweke kwamba uwindaji wa kitalii hautatui tatizo hili. Mgeni hutafuta dume mkubwa ndani ya kitalu, hamtafuti simba aliyezoea mashamba.

Yanayotuhusu sisi

Tunapendekeza kamati zijadili mambo manne. Kwanza, kudhibiti nguruwe pori kwa kushirikiana na maafisa wanyamapori wa wilaya. Pili, kuimarisha maboma ya mifugo, na kutomwacha mtu alale dunguni peke yake, hasa usiku wa giza baada ya mwezi mpevu, ambapo mashambulizi huongezeka. Tatu, kuwasaidia waathirika kutoa taarifa mapema ili wapate kifuta jasho au kifuta machozi. Nne, kuhoji katika mikutano ya kijiji mapato ya uwindaji yameingia kiasi gani na yametumikaje.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: boma imara linaokoa ng'ombe, na mfugaji ambaye ng'ombe wake wako salama hana sababu ya kuweka sumu. Kwa njia hiyo mchango mmoja unalinda familia na simba pia.