Tukuyu Stars: Bingwa wa 1986 aliyeachwa na wakati

MWAKA 1986 bingwa wa soka wa Tanzania Bara hakutoka Dar es Salaam. Alitoka Tukuyu, mji mdogo ulioko kusini mwa Mlima Rungwe, umbali wa kilometa zipatazo 70 kutoka Mbeya mjini. Timu hiyo ilikuwa Tukuyu Stars, na lililowashangaza wengi zaidi ni kwamba ilitwaa ubingwa huo ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa nchini.

Miongo kadhaa baadaye, jina la timu hiyo limebaki katika orodha ya mabingwa na katika mazungumzo ya wazee wa soka. Taji la pili halikuja. Swali ambalo wadau wa kandanda wa Rungwe na Kyela wamekuwa wakijiuliza ni vipi timu iliyofika kileleni kwa kasi namna ile iliweza kufifia kiasi hicho.

Timu ya Wanyakyusa

Mashabiki waliipachika Tukuyu Stars jina la Banyambala, neno la Kinyakyusa lenye maana ya wanaume. Lugha hiyo ndiyo inayozungumzwa kuanzia kwenye mashamba ya chai na migomba ya Rungwe hadi kwenye mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, barabara inakoteremka kuelekea Bandari ya Itungi na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Kyela yenyewe ilikuwa sehemu ya Rungwe kabla haijawa wilaya inayojitegemea. Kwa hiyo ushindi wa Tukuyu haukuwa wa mji mmoja tu, bali wa watu wote wa upande ule, hadi kwenye fukwe za kaskazini mwa Ziwa Nyasa.

Ubingwa huo pia haukuwa ajali iliyotokea peke yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, mikoa ilikuwa ikiwasumbua kweli kweli vigogo wa Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975. Majimaji ya Songea ilitamba katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1988 ikawa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Pamba ya Mwanza nayo ilikuwa miongoni mwa timu zilizoogopwa. Kusafiri kwenda mikoani kucheza ugenini halikuwa jambo la mzaha kwa Simba wala Yanga.

Nguvu ya mashirika ya umma

Ili kuelewa anguko la timu za aina hiyo, ni lazima kwanza kutazama zilikuwa zikipata wapi fedha. Majina ya baadhi ya timu za zama hizo yanajieleza yenyewe: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, RTC Kagera, Ushirika ya Moshi, CDA ya Dodoma, Mecco ya Mbeya. Nyuma ya kila jina kulikuwa na shirika, chama cha ushirika au mamlaka ya Serikali iliyoweza kumpa mchezaji ajira, kuitafutia timu gari na kuilipia malazi ugenini.

Tukuyu Stars haikubeba jina la shirika. Ilikuwa timu ya mji na ya wananchi wake, ikitegemea zaidi moyo wa mashabiki na michango ya watu wenye uwezo. Hata hivyo, iliishi katika mazingira yale yale ya soka la ridhaa, ambamo mchezaji hakutarajia utajiri, tofauti ya kipato kati ya timu kubwa na ndogo haikuwa kubwa kama ilivyo sasa, na kijana mwenye kipaji aliweza kukaa nyumbani kwao akacheza ligi ya juu.

Mwaka ule ule wa ubingwa, mambo yalianza kubadilika. Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na nchi ikaingia katika mageuzi ya uchumi na biashara huria. Mapema miaka ya 1990 kazi ya kurekebisha na kubinafsisha mashirika ya umma ilianza rasmi. Mengi yalivunjwa au kuuzwa, na mmiliki mpya hakuona sababu ya kuendelea kugharimia timu ya mpira. Moja baada ya nyingine, timu zilizotegemea mashirika hayo zilitoweka katika ramani ya soka, na zile za wananchi zikakosa pa kuegemea.

Vipaji vyatwaliwa

Pigo la pili lilikuwa la kuondokewa na wachezaji. Timu ndogo inapotwaa ubingwa hujitangaza, na kujitangaza huko huwaita wanunuzi. Mfano unaofahamika ni wa Sekilojo Chambua, kiungo aliyetoka Tukuyu Stars akajiunga na Yanga mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha akawa mmoja wa wachezaji waliong'ara klabuni hapo na katika timu ya Taifa, Taifa Stars, katika miaka ya 1990.

Kwa mchezaji, hatua hiyo ilikuwa ya maendeleo. Kwa timu iliyomlea, ilikuwa hasara isiyo na fidia ya kutosha, kwani zama hizo hapakuwa na mfumo wa mikataba wenye kuhakikisha kwamba klabu ya kijijini inanufaika na kijana iliyemwandaa. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 zilikuwa na mashabiki nchi nzima. Tukuyu ilikuwa na mashabiki wa upande mmoja wa nchi, wengi wao wakulima ambao fedha zao huja kwa msimu wa mavuno.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha ya mabingwa. Baada ya Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, kutwaa taji mwaka 1999 na 2000, ni Azam pekee, mwaka 2014, iliyoweza kupenya kati ya Simba na Yanga hadi kufikia mwaka 2025. Azam nayo ina kampuni kubwa nyuma yake.

Historia yajirudia Mbeya

Ukanda wa Mbeya umeonja tena raha na uchungu wa aina hiyo. Mbeya City, iliyoundwa na Halmashauri ya Jiji, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na katika msimu wake wa kwanza ikashika nafasi ya tatu, huku Uwanja wa Sokoine ukifurika. Wengi waliikumbuka Tukuyu Stars. Lakini mwaka 2023 timu hiyo ilishuka daraja, na ilirejea mwaka 2025.

Yaliyoikuta Ihefu ya Mbarali yalikuwa mazito zaidi. Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha rekodi ya mabingwa hao ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Kabla msimu wa 2023/24 haujamalizika, ilikuwa imehamia Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Mbarali hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa nafasi katika ligi ilikuwa mali ya mmiliki.

Leo fedha katika soka ni nyingi kuliko wakati wowote. Mwaka 2021 haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media kwa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Fedha hizo, hata hivyo, huzifikia timu ambazo tayari zimo ndani ya ligi. Timu iliyo nje hulazimika kuvuka madaraja ya chini kwanza, ikisafiri kwa mabasi, ikilisha wachezaji na kulipa malazi, bila mgawo wa fungu hilo.

Hapo ndipo ilipo hatima ya kijana wa Kyela au Tukuyu anayecheza pekupeku jioni hii. Mwaka 1986 angeweza kuwa bingwa wa nchi bila kuhama kwao. Sasa njia yake huanzia stendi ya mabasi. Wanaotamani kuiona tena Banyambala ikitamba hawana shida ya kutafuta wachezaji. Kazi iliyo mbele yao ni kuamua nani ataimiliki timu, na nani atalipia basi msimu mzima, mvua na kiangazi.